Barua pepe ya kughushi: inavyotengenezwa na namna ya kufuatilia ilikotoka

Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapofunguliwa Mtwara na Lindi, ofisi zinazoishi na zao hili hufurika barua pepe: ankara za magunia, nyaraka za makontena bandarini, hati za ghala, maelekezo ya benki. Hela inatembea kwa kasi, watu wanafanya kazi hadi usiku, na ndani ya rundo hilo ndimo barua feki hupenya. Inayouma kuliko zote ni ile ya mistari mitatu inayosema msambazaji amebadili akaunti ya benki, malipo ya safari hii yaende kwenye akaunti mpya. Jina ni lile lile, anwani ni ile ile, hata ankara iliyoambatanishwa ina nembo sahihi.

Maelezo haya ni kwa mhasibu, katibu wa chama cha msingi, wakala wa forodha au afisa TEHAMA wa ofisi ndogo anayetaka kujua mambo mawili: barua hiyo imewezaje kubeba jina la mtu anayemfahamu, na imetoka wapi hasa. Majina yote yanayoishia na `.example`, pamoja na anwani za IP (namba zinazotambulisha vifaa kwenye mtandao) zilizotumika kwenye mifano, yametengwa kimataifa kwa kufundishia au kwa matumizi ya ndani ya ofisi. Hayamhusu mtu wala kampuni yoyote.

Kabla ya jambo lolote

Kama barua inagusa hela, simamisha malipo kwanza, uchunguzi ufuate. Mpigie simu mwenye jina hilo kwa namba mliyokuwa nayo tangu zamani, iliyo kwenye mkataba au kwenye ankara ya msimu uliopita. Namba iliyo chini ya barua yenyewe isipigwe, kwa sababu aliyeweza kughushi anwani hashindwi kuweka na namba yake. Usiijibu barua hiyo, usiifute, na usiwatumie wenzako kwa kubonyeza "Forward". Sababu ya hilo la mwisho inakuja. Kama hela imeshatoka, piga simu benki dakika hiyo hiyo. Uhamisho wa kimataifa unaweza kuzuiwa ukiwa bado njiani, lakini kila saa inayopita inapunguza uwezekano huo.

Jina la mtumaji huandikwa na nani

Barua pepe husafirishwa kwa utaratibu unaoitwa SMTP, ambao Jon Postel aliuandika mwaka 1982. Wakati ule mtandao ulikuwa wa vyuo na taasisi za utafiti zilizofahamiana, kwa hiyo utaratibu haukuwekewa sehemu ya kumthibitisha mtumaji. Umerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, mara moja ikiwa mwaka 2008, lakini msingi haujabadilika. Seva moja, yaani kompyuta ya kupokea na kusafirisha barua, inapoikabidhi barua kwa seva nyingine, mazungumzo yao huwa hivi:

```
MAIL FROM:<kurudi@baruanyingi.example>
RCPT TO:<mhasibu@ghalakusini.example>
DATA
From: "Idara ya Malipo" <malipo@magunia.example>
To: mhasibu@ghalakusini.example
Subject: Mabadiliko ya akaunti ya benki
```

Mistari miwili ya juu ndiyo bahasha. Kila kilicho chini ya `DATA` ni barua yenyewe. Ni kama barua ya posta: karani wa posta anasoma kilichoandikwa juu ya bahasha, hafungui ndani kuangalia nani ametia saini. Seva nazo hufikisha barua kwa kufuata bahasha, wakati simu au kompyuta yako inakuonyesha `From` ya ndani. Mtumaji ndiye anayejaza sehemu zote mbili, na hakuna kinachomlazimisha zifanane. Hapo ndipo ulipo mlango wa kughushi.

Si kila barua feki inapita mlango huo, na ni muhimu kujua uliyonayo ni ya aina gani, kwa sababu njia ya kuifuatilia hutofautiana. Ipo inayoghushi anwani nzima, kama mfano wetu. Ipo inayoghushi jina la kuonyesha tu: simu inasema "Idara ya Malipo", ukigusa jina unakuta anwani ya bure isiyohusiana kabisa. Hii ndiyo rahisi kuliko zote na bado inawapata wengi, maana programu nyingi za simu huficha anwani na kuonyesha jina peke yake. Ipo inayotumia kikoa (sehemu ya anwani inayofuata alama ya `@`) kinachofanana na cha kweli: herufi `rn` zikikaa mahali pa `m`, namba `1` mahali pa `l`, au herufi ya Kisirili inayofanana na `a` yetu. Na ipo iliyotoka kwenye sanduku halisi la msambazaji baada ya nenosiri lake kuibiwa. Hiyo ya mwisho haina cha kughushi, na hakuna kipimo cha kiufundi kitakachoikataa.

Kupata kichwa kamili cha barua

Ushahidi wote uko kwenye kichwa cha barua, ile mistari ambayo programu hukufichia. Kwenye Gmail fungua barua kwa kompyuta, bonyeza vitone vitatu vilivyo karibu na alama ya kujibu, kisha "Show original". Ukurasa unaofunguka una muhtasari wa SPF, DKIM na DMARC juu (vipimo vitatu vya kumhakiki mtumaji, tutavieleza mbele), kichwa kizima chini, na kitufe cha "Download original" kinachohifadhi barua kama faili la `.eml`. Lihifadhi faili hilo kabla hujafanya kingine. Kwenye Outlook ya kivinjari, vitone vitatu, "View", halafu "View message source". Kwenye Outlook ya zamani ya kompyuta, fungua barua kwenye dirisha lake, nenda "File", "Properties", na usome kisanduku cha "Internet headers". Yahoo wanaita "View raw message". Thunderbird ni Ctrl na U.

Programu ya Gmail ya simu haina nafasi hiyo. Kama ofisi nzima inafanya kazi kwa simu, tafuta kompyuta moja na uingie hapo.

Sasa sababu ya kutobonyeza "Forward". Ukiisambaza barua kwa njia hiyo, kinachokwenda ni barua mpya iliyotoka kwako, yenye kichwa chako. Kichwa cha tapeli kinabaki nyuma. Picha ya skrini nayo haina kichwa ndani yake. Kama ni lazima umpelekee mtaalamu, tumia "Forward as attachment" au mtumie lile faili la `.eml`.

Kusoma kichwa, mstari kwa mstari

Tuchukue barua iliyofika kwa mhasibu wa kampuni ya ghala mjini Mtwara, ikijifanya imetoka kwa msambazaji wa magunia aliyeko India. Kichwa chake, kikiondolewa mistari isiyo na kazi hapa, ni hiki:

```
Return-Path: <kurudi@baruanyingi.example>
Received: from srv7.baruanyingi.example
   (srv7.baruanyingi.example [203.0.113.45])
   by mx1.ghalakusini.example with ESMTPS id 4Xk9T2;
   Tue, 21 Oct 2025 09:42:18 +0300
Authentication-Results: mx1.ghalakusini.example;
   spf=pass smtp.mailfrom=baruanyingi.example;
   dkim=none;
   dmarc=fail (p=NONE) header.from=magunia.example
Received: from [192.168.1.20] (unknown [198.51.100.77])
   by srv7.baruanyingi.example with ESMTPA id 88f2C1;
   Tue, 21 Oct 2025 06:42:15 +0000
Received: from ofisi.magunia.example ([192.0.2.10])
   by smtp.magunia.example;
   Tue, 21 Oct 2025 14:10:03 +0530
Date: Tue, 21 Oct 2025 12:12:09 +0530
From: "Idara ya Malipo" <malipo@magunia.example>
Reply-To: malipo.magunia@sanduku.example
Message-ID: <7c1e09@srv7.baruanyingi.example>
Subject: Mabadiliko ya akaunti ya benki
```

Kila seva inayoipokea barua hubandika mstari wake wa `Received` juu ya iliyopo. Kwa hiyo safari inasomeka kutoka chini kwenda juu: wa chini ndio wa kwanza, wa juu ndio wa mwisho. Ila imani inakwenda upande wa pili. Mstari wa juu kabisa umeandikwa na seva yako mwenyewe, na tapeli hawezi kuufikia. Mistari ya chini inaweza kuwa imeandikwa na yeye kabla barua haijaondoka kwake. Anza juu, shuka mmoja mmoja, na kila unaposhuka jiulize: nani aliandika mstari huu, na nina sababu gani ya kumwamini? Pale mnyororo unapokatika, vya chini yake vyote vihesabu kuwa maneno ya tapeli.

Mstari wa juu unasema `mx1.ghalakusini.example`, seva ya ofisi, imeipokea barua kutoka 203.0.113.45. Angalia mpangilio wake. Jina linalofuata neno `from` ni lile ambalo seva iliyokuja ilijitambulisha nalo, na inaweza kujiita vyovyote. Kilicho ndani ya mabano ni kile ambacho seva yako ilikiona yenyewe. Anwani ya IP iliyo kwenye mabano ya mraba ndiyo ya kuandika kwenye daftari, kwa sababu kuighushi kwenye mazungumzo kamili ya SMTP ni kugumu mno: majibu yangekwenda kwingine na mazungumzo yangekufa. Katika mfano huu jina la kujitambulisha na jina lililotafutwa kwa IP vinafanana, kwa hiyo tunajua kwa hakika kwamba barua ilikabidhiwa na kampuni ya baruanyingi, wala si na seva ya msambazaji wa magunia.

Mstari wa pili umeandikwa na seva ya baruanyingi. Hiyo inaonekana kuwa kampuni halali inayotuma barua kwa niaba ya wateja, hivyo mstari wake unaaminika kiasi. Una vitu vitatu vya thamani. Kwanza `198.51.100.77`, anwani ya mtandao alikokuwa mtumaji. Pili `192.168.1.20`, anwani ya ndani ya kifaa chake. Namba zinazoanza na 10, na 192.168, na kuanzia 172.16 hadi 172.31 hutumika ndani ya nyumba na ofisi duniani kote, hivyo kuitafuta kwenye ramani ni kupoteza muda. Tatu, na wengi huipita hii, ni neno `ESMTPA`. Herufi A ya mwisho inamaanisha mtumaji aliingia kwa jina na nenosiri. Maana yake baruanyingi wana kumbukumbu ya akaunti iliyotumika, ama ya tapeli mwenyewe ama ya mteja wao aliyeibiwa nenosiri. (Herufi S, kama kwenye `ESMTPS`, inasema tu kwamba njia ilisimbwa.)

Mstari wa tatu ndio unaojidai kutoka India, na hapa inabidi kuhesabu saa. Saa za kichwa zinahesabiwa kuanzia usiku wa manane, na alama ya mwisho inaonyesha tofauti yake na saa ya dunia, UTC. Afrika Mashariki ni +0300, India ni +0530. Basi 09:42 +0300 ni saa tatu na dakika 42 asubuhi Mtwara, sawa na 06:42 UTC, na inalingana na mstari wa pili wenye 06:42:15 +0000: sekunde tatu kati ya seva moja na nyingine. Mstari wa India, 14:10:03 +0530, ukiondoa saa tano na nusu, unakuwa 08:40:03 UTC. Barua isingeweza kupita India takriban saa mbili baada ya kuwa imeshafika Mtwara. Isitoshe, mstari huo unasema ilipokelewa na `smtp.magunia.example`, lakini mstari wa juu yake hauijui seva hiyo kabisa. Seva ya baruanyingi iliipata barua kutoka 198.51.100.77. Mikono haikukutana. Mstari wa tatu umebandikwa ili kumpoteza msomaji.

Tahadhari kidogo: tofauti ya sekunde au hata dakika chache si ushahidi, kwa kuwa saa za seva huchelewa au kutangulia. Barua halali nayo inaweza kukaa foleni saa nzima kama seva ya mpokeaji ilikuwa imezimika, jambo la kawaida umeme unapokatika. Kinachotia shaka ni mstari wa mapema kuwa na saa ya baadaye kwa kiasi kikubwa, pamoja na mnyororo kukatika.

Mistari iliyobaki inathibitisha. `Reply-To` inapeleka majibu kwenye sanduku lingine. Tapeli anayeghushi anwani ya mtu hulazimika kufanya hivyo, la sivyo jibu lako litamfikia mwenye anwani. `Message-ID` inaishia na jina la seva ya baruanyingi, ingawa hii ni rahisi kubadili na isipewe uzito peke yake. `Return-Path` ni ile bahasha: kurudi@baruanyingi.example.

SPF, DKIM na DMARC, na kwa nini "pass" isikutulize

SPF ni orodha ambayo mwenye kikoa huiweka kwenye rekodi zake za DNS (daftari la umma la mtandao lenye taarifa za kila kikoa) kutaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Ila hukagua kikoa cha bahasha. Ndiyo maana mfano wetu una `spf=pass`: bahasha ilisema baruanyingi, na seva kweli ni ya baruanyingi. Kuhusu magunia.example, SPF haikuulizwa chochote.

DKIM ni saini ya kihesabu juu ya maneno ya barua na baadhi ya mistari ya kichwa. Ufunguo wa kuihakiki uko kwenye DNS ya kikoa kilichotajwa na `d=` kwenye mstari wa saini hiyo. Barua ikibadilishwa njiani, saini inavunjika. Tazama `d=` ni ya nani, kwa kuwa tapeli anaweza kutia saini halali kabisa ya kikoa chake.

DMARC, iliyochapishwa kama waraka wa kiufundi mwaka 2015, ndiyo inayounganisha. Inadai angalau moja kati ya SPF na DKIM ifaulu, na kikoa kilichofaulu kiwe sawa na kile cha `From` unachokiona kwenye skrini. Hapa imeshindwa. Kwa nini basi barua ikaingia sandukuni? Kwa sababu ya `p=NONE`: mwenye magunia.example ametangaza kwamba barua zikishindwa zisichukuliwe hatua, aletewe ripoti tu. Angeweka `quarantine` zingekwenda taka, na kwa `reject` zingekataliwa mlangoni.

Soma mstari wa `Authentication-Results` unaoanza na jina la seva yako tu. Kwa anayetumia Gmail ni `mx.google.com`. Mwingine wowote wenye jina geni unaweza kuwa umeandikwa na tapeli.

Na hili lisisahaulike: kikoa kinachofanana na cha kweli kitafaulu vyote vitatu, maana ni mali ya tapeli na amekiwekea rekodi zake vizuri. "Pass" inasema barua imetoka kweli kwenye kikoa kilichotajwa. Uaminifu wa mwenye kikoa hicho haupimwi popote. Kwa aina hii, nakili kikoa kutoka kwenye kichwa, kibandike mahali pa maandishi makubwa, ulinganishe herufi kwa herufi na cha ankara ya zamani. Ukiona kinaanza na `xn--`, kina herufi zilizo nje ya zile za kawaida za a hadi z. Kisha angalia whois, huduma ya kuuliza kikoa au anwani ya IP imesajiliwa na nani na lini: kikoa cha "msambazaji wa miaka mingi" kilichosajiliwa wiki iliyopita kimejieleza chenyewe. Vikoa vinavyoishia na `.tz` vinatafutwa kwenye whois ya msajili wa `.tz`.

Anwani ya IP ni ya nani

Kwenye Linux au Mac andika `whois 198.51.100.77`. Windows haina amri hiyo tangu mwanzo, tumia ukurasa wa whois wa shirika linalogawa anwani. Kwa Afrika ni AFRINIC, lenye makao Mauritius. Anwani zinazoanza na 41, 102, 105 na 197 ziko kwake. Ulaya na Mashariki ya Kati ni RIPE NCC, Asia na Pasifiki ni APNIC, Marekani na Kanada ni ARIN, Amerika ya Kusini ni LACNIC. Jina la kikoa la anwani hutafutwa kwa `nslookup 198.51.100.77`, na hii Windows inayo.

Utakachopata ni kampuni inayomiliki mtandao, nchi iliyosajiliwa, na anwani ya malalamiko inayoanza na `abuse@`. Jina la mtu hutalipata, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Tovuti za kuonyesha IP kwenye ramani hukisia. Kampuni za simu huwapitisha wateja wengi kwenye anwani moja ya IP, kwa hiyo mtu aliyeko Masasi na mwingine aliyeko Nachingwea wanaweza kuonekana wako Dar es Salaam, tena kwa anwani ile ile. Tapeli anaweza kuwa nyuma ya VPN, huduma inayoficha anwani halisi ya mtu, au anatumia kompyuta ya mtu asiye na habari. Msimtuhumu jirani, mfanyakazi wala mteja kwa sababu ramani imeweka alama mtaani kwake. Watu wameharibiana majina kwa ushahidi mwembamba kuliko huo.

Kama barua ilitumwa kwa Gmail ya kawaida kupitia kivinjari, anwani ya mtumaji haionekani kabisa. Unaona seva za Google tu. Hapo safari yako inaishia, na anayeweza kuendelea ni polisi kwa kuwaomba Google.

Mnyororo ukiwa safi lakini maneno hayako sawa

Ikiwa `Received` zote zinaungana, DMARC imefaulu, kikoa ni chenyewe, na bado barua inaomba hela iende akaunti mpya, chukulia kwamba sanduku la mmoja wenu limevamiwa. Mara nyingi tapeli huwa ameshasoma mazungumzo kwa wiki kadhaa, ndiyo maana anajua idadi ya magunia na tarehe ya meli. Mjulishe msambazaji kwa simu.

Halafu kagua na sanduku lako. Kwenye Gmail ya kompyuta, chini kulia ya orodha ya barua kuna "Details": inaonyesha vifaa na anwani za IP zilizoingia karibuni. Nenda kwenye mipangilio, "Filters and Blocked Addresses" na "Forwarding and POP/IMAP". Tafuta kanuni ambayo hukuiweka wewe, kwa mfano inayozipeleka barua zote za msambazaji kwenye kumbukumbu bila kuonekana, au inayotuma nakala kwenye anwani ya nje. Watu hubadili nenosiri na kuiacha kanuni hiyo, na tapeli anaendelea kupokea nakala bila haja ya nenosiri lolote. Futa kanuni, badili nenosiri, toa vifaa vyote, washa uthibitisho wa hatua mbili.

Kuzuia jina la ofisi yako lisitumike

Anayetumia anwani ya bure kwenye ankara hana cha kulinda: mtu yeyote atasajili inayofanana nayo kwa dakika tano. Kikoa chako mwenyewe, `.co.tz` kwa kampuni au `.or.tz` kwa taasisi, hununuliwa kwa mawakala walioidhinishwa kusajili vikoa vya `.tz`. Baada ya hapo weka kwenye DNS yake rekodi hizi za TXT, yaani za maandishi. Mfano huu ni wa ofisi inayotumia huduma ya barua ya Google:

```
ghalakusini.example
   v=spf1 include:_spf.google.com ~all

_dmarc.ghalakusini.example
   v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@ghalakusini.example
```

DKIM huwashwa kwenye ukurasa wa msimamizi wa huduma yako, ambao hukupa ufunguo wa kubandika DNS. Chagua biti 2048. Baadhi ya paneli hukataa maandishi yanayozidi herufi 255 kwa mkupuo, kwa hiyo ufunguo huo hugawanywa vipande viwili ndani ya alama za kunukuu.

Makosa yanayojirudia ni machache. Rekodi mbili za SPF kwenye kikoa kimoja huzalisha kosa la `permerror`, na zote zinakuwa bure. Unganisha ziwe moja. SPF ikihitaji kutafuta DNS zaidi ya mara 10, nayo inavunjika. `+all` inairuhusu dunia nzima. Na wengi husahau mfumo wa mishahara au wa ankara unaotuma kwa jina lao, kisha barua zao halali zinaanza kuanguka.

Kwa sababu hiyo anza na `p=none`, soma ripoti za XML kwa wiki kadhaa hadi kila mtumaji halali afaulu, ndipo uhamie `quarantine` na mwisho `reject`. Kubaki kwenye `none` miaka nenda rudi ni kuacha mlango wazi huku ukihesabu wanaoingia. Kikoa ambacho hakitumi barua kabisa kiwekee `v=spf1 -all` na `p=reject` leo hii. Kuhakiki, andika `nslookup -type=txt _dmarc.` ikifuatiwa na kikoa chako, bila nafasi katikati.

Kuripoti

Hifadhi faili la `.eml` sehemu mbili, moja ikiwa flashi ambayo haitumiki kwa kazi nyingine. Chapisha kichwa chote, weka alama kwenye mistari unayoiamini. Peleka kituo cha polisi Mtwara au Lindi pamoja na ankara ya kweli, ankara ya kughushi na risiti ya benki. Kosa liko chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kampuni ya simu au ya intaneti haitakupa wewe jina la mteja wake hata ukilia mlangoni. Itatoa kwa vyombo vya dola vilivyofuata utaratibu. Kama tapeli alituma pia ujumbe mfupi au alipiga simu, namba yake itume kwenda 15040, namba ya kuripotia matapeli.

Andika pia kwa `abuse@` ya kampuni iliyokabidhi barua, na ya mtandao wa mtumaji. Barua iwe fupi: anwani ya IP, tarehe, saa pamoja na tofauti yake na UTC, namba ya `id` (kwenye mfano wetu `88f2C1`), na faili la `.eml`. Ile `id` inawapeleka baruanyingi moja kwa moja kwenye akaunti iliyotumika. Na mwenye mtandao wa 198.51.100.77, asipopewa saa kamili hadi sekunde, hawezi kujua ni mteja yupi kati ya waliopita kwenye anwani hiyo siku ile. Kumbukumbu hizo hazitunzwi milele, kwa hiyo ripoti ipelekwe siku hiyo hiyo.